Mapipa Hayapo, Mahali Papo

Leo nagusa jambo ambalo vijana hulifanya kwa kidole kimoja. Mtu anapiga picha, anaitia kwenye mtandao wa kijamii, na simu inamwuliza: uko wapi? Anaanza kuandika "Mago", orodha ya mahali inajitokeza, anachagua pamoja, basi. Lakini hapa Magomeni swali hilo la "uko wapi" ni la zamani kuliko simu, na jibu lake halijawahi kuwa moja.

Hebu kwanza tuvuke Jangwani twende Kariakoo. Jina hilo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Narung'ombe, Tandamti na Mahiwa, mitaa ambayo leo watu wanasukumana na mikokoteni, ni majina ya mahali palipopiganwa vita mwaka 1917 huko kusini, upande wa Lindi. Mama anayenunua vitenge Narung'ombe anatembea juu ya jina la uwanja wa vita, na hana habari. Mkoloni aliyaandika majina hayo, watu wakayazoea, yakadumu.

Magomeni mambo yalikwenda vingine. Mpango wa mji wa mwaka 1949 ulilitenga eneo hili kuwa makazi ya Waafrika. Viwanja vikapimwa na kupewa namba, mitaa ikapewa majina. Mwalimu Nyerere mwenyewe alijenga hapa, Mtaa wa Ifunda, katika miaka ya kudai uhuru. Lakini mwambie dereva wa bodaboda akupeleke Ifunda, huenda akakuuliza, "Mzee, hiyo si ndiyo Usalama?" Wananchi walijipa majina yao: Mapipa, Usalama, Mikumi, Makuti, Mwembechai, Kota. Pale Mapipa leo hakuna pipa la kumwonyesha mgeni, lakini kondakta akiita "Mapipa!" wanaoshuka wanasimama.

Isitoshe, neno lenyewe "mtaa" linatutega. Kwa mmoja ni njia yenye nyumba huku na huku. Kwa mwingine ni eneo zima lenye mwenyekiti wa serikali ya mtaa na muhuri wake. Kwa hiyo mtu anaweza kuishi katika mitaa miwili kwa wakati mmoja, wala asiwe mwongo.

Barua hazikutusaidia kulimaliza jambo hili, kwa sababu barua zetu hazikuja mlangoni. Zilikwenda kwenye Sanduku la Posta, mara nyingi la ofisi au la shule. Sisi wa redio tunalijua hilo vizuri. Kadi za salamu zilikuja na S.L.P., na S.L.P. haikukuambia mtu analala wapi. Lakini lilipokuja tangazo la kifo, maelekezo yalikuwa kamili: msiba uko Magomeni Mapipa, nyuma ya msikiti, nyumba ya mzee fulani. Waombolezaji walifika. Nadhani matangazo yale ndiyo yaliyokuwa ramani bora ya mji huu, ila hakuna aliyeichora.

Ubaya wa ramani iliyo vichwani mwa majirani ulionekana Desemba 2011. Mto Msimbazi ulifurika, Jangwani, Kigogo na Suna yetu hapa Magomeni zikaingia maji, na mjini Dar es Salaam walikufa watu wasiopungua 40. Mwokoaji mgeni, ukimwambia "kule bondeni kwa mama muuza mkaa", ataanzia wapi? Mwaka huohuo vijana wa Tandale walikuwa wameanza kuchora mtaa wao kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wenyeji kuandika nyumba, vichochoro na mitaro ya maji katika kata zinazofurika. Kazi ya jua kali ile, na haikupigiwa ngoma inavyostahili.

Sasa turudi kwenye kile kisanduku cha kutafutia mahali. Foursquare ilianza Marekani mwaka 2009, Facebook ikafuata mwaka 2010 na huduma yake ya kutaja mahali. Chombo hiki hakikuletewa majina na mpimaji wa serikali. Kwa miaka kadhaa mtumiaji yeyote aliweza kuandika jina, akaweka alama, na jina likaingia ghalani. Simu inatazama ulipo, inalinganisha na herufi unazoandika, halafu inakuletea kilichomo ghalani. Kisichoandikwa na mtu hakiji. Kilichoandikwa vibaya kinakuja vilevile, kwa kujiamini kabisa! Ndiyo maana mahali pamoja panaweza kuwa na majina matatu, na mwenye mgahawa akashangaa wateja wanampigia simu wakiwa ng'ambo ya barabara.

Serikali nayo iliingia. Februari 2022 operesheni ya Anwani za Makazi ilizinduliwa, nguzo za majina zikasimamishwa na namba zikabandikwa milangoni kabla ya Sensa ya Agosti. Ni jambo jema. Lakini kwa maoni yangu vibao vya vituo vya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza Mei 2016, vimelitendea haki zaidi jina la wananchi: Magomeni Mapipa, Usalama, Mwembechai, Kagera, yameandikwa kama tunavyoyatamka. Na Kota, ambako nyumba za zamani zilivunjwa na maghorofa ya familia 644 yakazinduliwa Machi 2022, bado inaitwa Kota.

Suna ndiyo inayonipa wasiwasi. Mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi umewalipa fidia wakazi wa bondeni, nao wamevunja nyumba na kuhama. Wengine wamekwenda mbali, Chanika huko na Mbagala. Picha zao za harusi na za mitihani ya watoto zimo kwenye simu, na chini ya baadhi yake pameandikwa "Magomeni Suna". Nyingine zimeandikwa "Dar es Salaam" tu.