Mzigo wa Vita katika Nchi ya Ruangwa

Vitabu vya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 vinapoitaja nchi hii ya kusini, hutaja Narung'ombe, 19 Julai 1917, kisha Mahiwa, karibu na Nyangao, 15 hadi 18 Oktoba mwaka huo huo. Narung'ombe leo ni kata ya Ruangwa, kama ilivyo Chunyu. Twasoma habari za von Lettow-Vorbeck wa Wadachi, na za Wanaijeria walioletwa na Waingereza. Lakini risasi zao zilibebwa na nani?

Reli haikufika huku, na mbung'o waliua nyumbu na farasi. Majeshi yalitembea juu ya vichwa vya watu.

Na tufanye hesabu ndogo, ambayo mwalimu aweza kuiandika ubaoni. Mpagazi aliyebeba kilo 25 za unga, akila kilo moja kwa siku, ataumaliza mzigo wake siku ya 25, na askari hajaonja hata kibaba. Tena lazima arudi; basi hawezi kwenda mbali zaidi ya siku 12, na hata hapo atafikisha kilo moja tu! Ndiyo sababu majeshi yote mawili yaliyageukia maghala ya mtama na mashamba ya mihogo ya wenyeji. Mume akitwaliwa kubeba, jembe lilibaki kwa mkewe; na alichovuna mke huyo kilichukuliwa, kikatwikwa wanaume wengine. Hayo yaliwapata watu ambao miaka kumi tu nyuma walikuwa wamepigwa na njaa ya Maji Maji.

Tarehe 25 Novemba 1917 von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Wapagazi waliofia upande wa Waingereza katika vita vyote vya Afrika Mashariki hukadiriwa kufika 95,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa na uchovu.

Askari alisimamishiwa sanamu ya shaba Dar es Salaam mwaka 1927. Wapagazi wametajwa katika maandishi yaliyo chini yake, na jina la Kiingereza la kikosi chao, kwa vinywa vya watu, likawa Kariakoo, pale walipopiga kambi. Wangapi wanunuao mchicha pale wanalijua hilo? Ama wanawake waliobaki na jembe huku kwetu, jiwe lao hatujaliona.