Maoteo: Mahali pa Kujificha Mwindaji katika Historia Yetu

Katika vitabu vya historia tunavyowasomeshea vijana wetu, mwindaji huonekana akiwa na bunduki begani. Ama ni msafiri wa Kizungu aliyesimama kando ya tembo aliyemwua, ama ni mtu wa misafara ya pembe iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Mwindaji aliyekuwapo kabla yao, mwenye upinde na mishale michache katika podo, hutajwa kwa mstari mmoja tu, kwamba watu wa kale waliishi kwa kuwinda. Waliwindaje? Walikaa wapi? Katika makala haya tunakusudia kulizungumza swali hili la pili, kwa kuwa twaona ndilo lililobeba elimu yenyewe.

Mshale hauendi mbali kama risasi. Mwenye upinde alikuwa na njia mbili: kumnyatia mnyama, au kumngoja ajilete. Kunyatia kwataka miguu myepesi. Kungoja kwataka mtu ajue, kabla hajaketi, mnyama atapita wapi, saa ngapi, na ataelekeza wapi macho au pua yake. Kitendo hicho ndicho Kiswahili kinachokiita kuotea, na mahali pa kukifanyia ni maoteo.

Tuanze na ndege. Kanga ni ndege wa mawindo tangu zamani, na jina lake ni la kale, lapatikana katika lugha nyingi za Kibantu zilizo mbali sana na pwani. Hata ile nguo ya mama zetu, iliyoenea Unguja na Mombasa katika nusu ya pili ya karne ya 19, yasemekana iliitwa kanga kwa ajili ya madoadoa yake. Ndege huyu hulala juu ya miti, hushuka kunapopambazuka, huenda majini na mahali penye chakula, akarudi jioni. Methali yetu yasema kanga hazai ugenini. Walimu huitumia kumwonya mtu aliye katika nchi ya watu, lakini kwa mwindaji ilikuwa habari ya kweli kabisa: ndege asiyependa ugeni ni ndege mwenye njia zake, na mwenye njia zake huoteka.

Hapo ndipo palipohitajiwa uchaguzi. Pua ya kanga si kitu, bali macho yake ni makali, tena kundi zima hulinda. Basi mwindaji wa kanga hakuhangaika sana na upepo. Alijificha na jicho. Hakuketi chini ya mti wa kulala, maana ndege wakishtushwa hapo huenda wakahama, bali aliketi kati ya mti na maji, kando ya njia yao. Alifika kungali giza. Aliondoa majani makavu mahali pa kuketi ili yasilie chini yake, akachagua kivuli, na akipata aliacha jua limchomoze mgongoni ili mwangaza uwapige ndege usoni. Kichaka kinene mno hakikumfaa, kwa kuwa upinde wataka nafasi ya kuvutwa, na tawi dogo likigusa mkono shughuli imekwisha.

Yafaa tuongeze hapa kwamba huko Marekani, ambako bata mzinga angali akiishi porini, wawindaji wake hufundishana jambo lile lile. Huketi chini, mgongo umeegemea shina la mti lililo pana kuliko mabega, ili umbo la mtu lipotee ndani ya umbo la mti. Shina hilo lina kazi ya pili pia: humkinga mwindaji na risasi ya mwenzake aliye nyuma asiyemwona. Bata mzinga na kanga ni jamaa moja katika ndege, na tabia zao zimewafundisha watu wa mabara mawili somo moja bila ya wao kukutana.

Kwa mnyama mkubwa mambo hugeuka. Tembo na nyati macho yao si makali, lakini pua zao hazina mfano. Oteo zuri kwa kanga laweza kuwa mauti kwa mwenye kungoja tembo. Ndiyo maana wawindaji wengi wa nchi zetu walichukua kimfuko cha majivu, wakayapukusa kidogo kidogo hewani ili wajue upepo unakokwenda, na upepo ukigeuka waliliacha oteo bila ya ubishi. Wawaata wa nchi kavu iliyo nyuma ya Malindi, waitwao pia Waliangulu, walikuwa mabingwa wa kazi hii. Walikuwa na upinde mkubwa ambao mtu asiyeuzoea hawezi kuuvuta, na mishale iliyopakwa sumu ya mti. Walimngoja tembo karibu na maji, wakampiga ubavuni kutoka hatua chache tu. Nao Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kiangazi kinapokauka sana, hujenga vificho vya mawe na matawi kando ya visima vichache vilivyosalia, wakakesha humo usiku kucha.

Wakulima nao walikuwa na oteo lao, ila lao lilikuwa juu. Dungu na ulingo ni majukwaa ya miti yaliyosimamishwa shambani ili mlinzi awaone nguruwe na ndege kabla hawajaharibu mavuno. Hapo mlinzi hakujificha sana. Mara nyingi alitaka aonekane, na sauti yake isikike.

Sasa tuitazame historia ya karibu, maana elimu hii haikufifia kwa uvivu wa watu. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa sheria ya mawindo katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na uwindaji ukaanza kuwa jambo la cheti na malipo. Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yenye makoloni yalitia sahihi mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyama, wakakubaliana kupunguza matumizi ya nyavu na mashimo ya kutegea, yale tuyaitayo rima. Mkataba huo haukupata kutekelezwa rasmi, lakini fikira zake ziliingia katika sheria za makoloni. Hatukatai kwamba wanyama walihitaji ulinzi. Biashara ya pembe ilikuwa imewamaliza mahali pengi. Lakini waliomaliza tembo kwa wingi walikuwa na bunduki, na sheria ilimfungulia mlango mwenye bunduki aliyeweza kulipa, ikamfungia mwenye upinde.

Hifadhi ya Tsavo ilipoanzishwa mwaka 1948, visima ambavyo Wawaata walikuwa wakioteapo tangu zama za babu zao vilijikuta ndani ya mpaka. Katika kampeni ya miaka ya 1956 na 1957 wengi wao walikamatwa wakafungwa. Mtu aliyelala jana mwindaji aliamka jangili. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana ili wapate kuwinda kwa halali, na mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote wa leseni.

Hapa kwetu Burundi, msitu wa Kibira ulikuwa mahali pa mawindo ya wafalme, nao Batwa ndio walioujua mti kwa mti. Mwaka 1980 Kibira na Ruvubu zikafanywa hifadhi za taifa. Msitu umebaki, nasi twashukuru, kwa kuwa maji mengi ya nchi hii hutoka huko. Batwa wengi hawakuwa na ardhi ya kulima, na hilo halikupata dawa.

Maneno nayo yamehama. Mwanafunzi wa Buyenzi aliyezaliwa baada ya vita vilivyoanza mwaka 1993 akiulizwa maana ya kuvizia, atataja barabara, gari lililosimamishwa na watu waliokufa. Kanga na kwale hawamjii akilini, wala hatuwezi kumlaumu. Ulingo umekuwa mahali pa kupigania masumbwi, na wanasiasa nao wameupanda. Na kuotea kumekwenda uwanjani: Jumapili mwamuzi akipuliza filimbi, watoto wote hupiga kelele kwamba fulani ameotea, yaani ametangulia kujificha nyuma ya walinzi akiungoja mpira. Ni matumizi sahihi kabisa. Tofauti ni kwamba mchezaji huyo ameonekana.