Mashine ya Profesa Skinner na redio ya bibi

Nikiwa kidato cha pili shule yetu ililetewa kompyuta kumi. Siku ile naikumbuka kwa sababu tulipigishwa deki mara mbili, wageni wakaja na magari yao, kwaya ikaimba, picha zikapigwa. Wiki iliyofuata kompyuta zikavishwa vitambaa vya kudarizi, mlango ukatiwa kufuli, ufunguo ukakaa kwa mkuu wa shule. Somo la kompyuta tuliendelea kulisoma kama kawaida. Mwalimu aliandika ubaoni kompyuta ni nini, ina sehemu ngapi, kila sehemu ina kazi gani, nasi tukanakili. Kwenye mtihani nilipata 84. Nilikuwa sijawahi kugusa hata kitufe kimoja.

Kwa miaka mingi nililaumu lile kufuli. Siku hizi sina uhakika kama kufuli ndilo lililokuwa na kosa, na aliyeniharibia uhakika wangu ni profesa mmoja wa Kimarekani aliyependa sana njiwa.

Jina lake B. F. Skinner, wa Chuo Kikuu cha Harvard. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi viumbe wanavyojifunza tabia, na njiwa alikuwa amewafundisha mengi ya ajabu. Wakati wa vita kuu ya pili aliwafundisha hata kuongoza kombora, ila jeshi halikuwatumia vitani. Siri yake ilikuwa moja: njiwa akifanya unachotaka, mpe punje papo hapo. Ukichelewa, somo limepotea.

Basi, Novemba 1953 Skinner akaalikwa na wazazi wengine kwenda kuangalia darasa la hisabati la binti yake mjini Cambridge, Massachusetts. Mwalimu alikuwa anapita kati ya madawati watoto wakifanya hesabu. Wengine walimaliza mapema wakabaki kuzubaa. Wengine walikwama dakika nzima nzima. Na hakuna aliyejua kama amepata au amekosa mpaka madaftari yasahihishwe. Skinner akaona kwamba njiwa wake wanafundishwa vizuri kuliko mwanawe! Akarudi nyumbani, na katika siku chache akawa ameshaunda mashine yake ya kwanza ya kufundishia.

Mashine zenyewe zilikuwa sanduku tu. Kwenye kidirisha linatokea swali fupi, mtoto anaandika jibu, anavuta kishikio, jibu sahihi linajitokeza na yeye anajua hapo hapo. Maswali yalipangwa kwa hatua ndogo sana ili mtoto akosee mara chache. Punje ya njiwa ikawa furaha ya kupata. Kila mmoja anakwenda kwa mwendo wake. (Skinner hakuwa wa kwanza kuunda mashine ya namna hii. Sidney Pressey wa Ohio alikuwa na yake ya kuuliza maswali ya kuchagua jibu tangu miaka ya 1920, ambayo ungeweza hata kuitega itoe pipi. Mwaka 1932 alikata tamaa akaiacha. Thomas Edison naye mwaka 1913 alitabiri kwamba filamu zitaviondoa vitabu shuleni. Tunavyo hadi leo.)

Nilipokuwa chuo tuliwacheka watu kama Skinner. Eti mtoto ni njiwa! Lakini hebu nikueleze: darasa letu lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 70. Madaftari ya hisabati yalirudi baada ya wiki mbili, wakati mwingine hayakurudi kabisa, na wakati huo ulishaizoea njia yako mbovu mpaka ikawa sehemu ya mwili. Wale waliokwama kwenye sehemu mwezi wa pili walikuwa bado wamekwama mwezi wa kumi na moja, kimya, nyuma ya darasa. Alichokiona Skinner siku ile nilikiishi miaka minne. Kwa hiyo simcheki tena.

Hata hivyo masanduku yake hayakudumu. Katika miaka ya 1960 makampuni yaliyakimbilia kwa pupa, yakaingiza sokoni mashine nyingi zenye masomo machache mazuri, na watoto wakachoshwa na kujaza nafasi zilizo wazi. Ndipo likaja kundi la upande wa pili kabisa.

Seymour Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Alikaa Geneva miaka kadhaa akifanya kazi na Jean Piaget, yule aliyefundisha kwamba mtoto hamiminiwi maarifa kama maji kwenye mtungi, bali anayajenga mwenyewe kwa kucheza, kujaribu na kukosea. Papert akaenda MIT, na mwaka 1967 yeye na wenzake wakatengeneza lugha ya kompyuta ya watoto iitwayo Logo. Mtoto anamwamuru kobe: mbele 100, kulia 90. Akirudia mara nne, kobe amechora mraba. Kobe akienda kombo, mtoto anasimama, anatembea yeye mwenyewe sakafuni kama kobe, anagundua alipokosea. Hoja ya Papert ilikuwa kali: shuleni kompyuta inamwongoza mtoto, wakati mtoto ndiye angepaswa kuiongoza kompyuta. Kwa Skinner kosa ni kitu cha kuepukwa. Kwa Papert ndipo somo linapoanzia.

Wazo hilo lilitua Afrika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1982 Papert na Nicholas Negroponte, kwa fedha za serikali ya Ufaransa, walipeleka kompyuta za Apple II kwa watoto wa Dakar, Senegal. Mwaka 2005 Negroponte akaja na mradi wa kompyuta mpakato ya dola 100 kwa kila mtoto. Alipoionyesha Tunis mwaka huo pamoja na Kofi Annan, kishikio cha kuzungushia umeme kikachomoka mbele za watu. Bei nayo ikaishia karibu dola 200. Rwanda ilichukua zaidi ya mashine 200,000. Peru ilichukua nyingi zaidi, na mwaka 2012 utafiti uliofanyika katika shule 319 za huko haukuona ushahidi kwamba alama za hisabati na lugha zilipanda, ingawa watoto walipiga hatua kidogo kwenye majaribio ya kufikiri. Kenya mwaka 2013 ikaahidi mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, na kilichofika, kuanzia 2016, kikawa vishikwambi.

Nadhani kosa liko hapa: wasafirishaji walipakia mashine ya Papert, wakamwacha Papert uwanja wa ndege. Mwalimu aliyefundishwa kwa kunakili, anayepimwa kwa mtihani wa kukariri, ukimpa kobe wa Logo atawaandikia watoto ubaoni kobe ni nini na ana sehemu ngapi. Ndiyo maana silaumu kufuli tena. Lingefunguliwa, tungenakili kutoka kwenye skrini. Nilifurahi kidogo vishikwambi vya sensa ya 2022 vilipogawiwa walimu hapa kwetu badala ya kuanza na watoto, lakini swali ni lile lile: mwalimu avitumie kufuata fikra ipi?

Mambo haya nilimsimulia bibi yangu, nikidhani ni mapya kwake. Akaniuliza, "Kwani redio si mashine?"

Alikuwa anazungumzia 1973 na kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki kumi na mbili vikundi vya watu wazima Tanzania nzima vilikusanyika kusikiliza kipindi cha Radio Tanzania kuhusu malaria, kichocho, minyoo, kuhara. Inakadiriwa watu milioni 2 walishiriki, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wameandaliwa kwanza, kabla redio haijafunguka. Kipindi kikiisha, kikundi kilisoma kijitabu, kikajadiliana, kikaamua la kufanya.

"Kilikuwa kifupi tu hicho kipindi," bibi akasema. "Tukishaizima, ndipo tunaanza kusoma. Na kubishana! Kuna mzee alikataa kabisa kwamba mbu ndiye analeta homa, tukakesha naye."

"Mkamshinda?"

"Hatukumshinda, mjukuu wangu. Alikuja mwenyewe kufukia dimbwi, akasema anafukia kwa sababu linanuka."

Nilimuuliza redio yenyewe ilikuwa ya nani. Akasema ya mwalimu wa shule ya msingi, na mlango wa mwalimu ulikuwa haufungwi. Halafu akanitoa nje kunionyesha mahali kilipokuwa choo walichokichimba mwaka ule. Sasa pana mpapai.