Pumzi Juu ya Dhahabu

Mnamo mwaka 1400 hivi, mchoraji Cennino Cennini, mzaliwa wa Colle di Val d'Elsa nchini Italia, aliandika kitabu cha kuwafundisha wanagenzi kazi ya rangi na dhahabu. Miaka 12 alikuwa ameitumia chini ya mwalimu wake Agnolo Gaddi wa Florence, na kila alichokiandika kina harufu ya karakana: gundi inayochemka, mbao zinazokauka, mayai yaliyopasuliwa. Hakuna katika kitabu hicho sifa za dhahabu kama zinavyoimbwa na washairi. Dhahabu ya Cennino ni kitu dhaifu mno kinachotaka kuangaliwa kama mtoto mchanga.

Udhaifu huo una sababu. Sarafu moja ya dukati, ambayo uzito wake haukutimia gramu 4, ilifuliwa kwa nyundo mpaka ikatoa majani 145 ya dhahabu. Cennino hakupendezwa na ubahili huo. Kwa sehemu pana zilizo bapa alitaka dukati isitoe zaidi ya majani 100, ili jani libaki na unene kidogo. Hata hilo alilolihesabu kuwa nene halishikiki kwa vidole: hugandama, hujikunja, likachanika. Yapasa kurundika maelfu ya majani ya namna hii ndipo upatikane unene wa milimita moja.

Vyombo vyote vya kazi hii vilizaliwa kutokana na hofu ya kuligusa jani. Wa kwanza ni mto, ambao Cennino anaagiza uwe na ukubwa wa tofali: ubao uliogongomewa ngozi nzuri isiyotiwa mafuta, ya aina ya kutengenezea viatu, na kati ya ubao na ngozi hujazwa manyoya. Juu ya mto huo jani hutandazwa na kukatwa kwa kisu, kisha huinuliwa kwa kipande cha karatasi ngumu. Mafundi wa baadaye waliiacha karatasi wakachukua brashi bapa ya nywele za kindi, ambayo fundi huipitisha kwanza shavuni mwake. Mafuta kidogo ya ngozi ya uso yanatosha kulivuta jani bila kuling'ang'ania.

Cha kung'arishia kilikuwa jiwe laini lililosuguliwa, au jino. Cennino anayataja meno ya mbwa, simba, mbwamwitu, paka na chui, na kwa jumla ya mnyama yeyote alaye nyama kwa heshima. Siku hizi akiki imeshika mahali pa meno hayo, ingawa mara nyingi huchongwa kwa umbo lile lile la jino lililopinda, kana kwamba mkono wa fundi umekataa kulisahau.

Lakini dhahabu haikai juu ya mbao tupu, na hapa ndipo ulipo uzito wa kazi. Chini ya jani kuna udongo mwekundu mwororo uliochanganywa na ute wa yai, na chini ya udongo kuna tabaka za jasi iliyokorogwa kwa gundi ya vipande vya ngozi. Jasi yenyewe ni ya namna mbili. Ya kwanza ni nzito na ya kukwaruza. Ya pili hutiwa katika chombo cha maji kwa muda usiopungua mwezi mmoja, ikikorogwa kila siku, mpaka nguvu yake yote ya kuganda iishe na iwe laini kama hariri. Palipotakiwa urembo mdogo, kama vile nakshi za upindo wa vazi, fundi aliweza kuacha safari hiyo ndefu akatumia maji ya kitunguu saumu yaliyotwangwa na kuchujwa kwa kitambaa. Nata yake huishika dhahabu barabara.

Kitabu hiki kilikaa karne nyingi bila kuchapishwa. Nakala moja ya Florence inaonyesha kuwa ilimalizika mwaka 1437 katika gereza la Stinche, walikofungwa wadaiwa, na kwa muda mrefu watu walisimulia kwamba Cennino mwenyewe aliandika akiwa mfungwa, mzee na fukara. Hadithi hiyo ilikuwa tamu, lakini mfungwa alikuwa mnakili. Giuseppe Tambroni alikichapisha kitabu kwa mara ya kwanza mwaka 1821, na Mary Merrifield akakitia katika Kiingereza mwaka 1844. Ndugu Gaetano na Carlo Milanesi walitoa chapa iliyo kamili zaidi mwaka 1859, nayo ndiyo aliyoitegemea Christiana Herringham alipotoa tafsiri mpya mwaka 1899.

Bibi Herringham anastahili kukumbukwa na kila mfasiri. Alikuwa mchoraji aliyejaribu maelekezo ya kitabu kwa mkono wake: alisaga rangi, akapasua mayai, akanakili picha za Waitalia wa kale kwa njia zao. Neno kama jasi halina ugumu katika kamusi. Ugumu umo chomboni, kwa sababu jasi iliyochomwa tu huganda ikitiwa maji, na ile iliyokorogwa mwezi mzima haigandi tena, ilhali jina ni moja. Asiyejua tofauti hiyo atatafsiri sawasawa na msomaji wake ataharibu ubao.

Mwaka huo huo wa 1899 Edward Johnston alianza kufundisha uandishi wa kalamu mjini London. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Graily Hewitt, mtu aliyesomea sheria, ambaye aliandama maelekezo ya Cennino kuhusu dhahabu ya kuinuka juu ya ngozi ya kuandikia: jasi iliyolainishwa, risasi nyeupe isiyofikia theluthi yake, na sukari kidogo ya kuvuta unyevu. Johnston alipochapisha kitabu chake cha uandishi mwaka 1906, kiambatisho cha dhahabu kiliandikwa na Hewitt. Kwa njia hiyo kazi iliyokuwa ya karakana ikaingia vyumbani mwa watu wa kawaida wenye meza, kisu na subira.

Anayetaka kuifanya nyumbani leo huuziwa gundi tayari ndani ya chupa, na majani ya shaba na zinki yanayoiga dhahabu kwa bei ndogo. Majani hayo si haramu, lakini yasipopakwa vanishi huwa meusi, na katika hewa ya chumvi ya visiwani huwahi zaidi. Risasi nyeupe ni sumu, na wengi huikwepa. Dhahabu halisi haibadiliki rangi, ila yataka mlango na dirisha vifungwe, kwa kuwa upepo mdogo tu hulipeperusha jani.

Yataka pia pumzi. Jasi ikikauka, mwandishi huinama, akaipulizia pole pole kwa kijibomba cha karatasi au mwanzi, na umande wa kifua chake huiamsha sukari ikanata. Hulilaza jani papo hapo, akalikandamiza kupitia karatasi ya shashi, akangoja, ndipo huleta akiki. Lisiposhika hupulizia tena na kuongeza jingine. Vipande vilivyobaki huvifagia kwa brashi ndani ya kikasha, maana kikijaa sonara atavinunua.