Fahamu kwarteti ya Smetana: Kiziwi aliyeuandika mluzi wa masikio yake

Mwaka 1874, akiwa na umri wa miaka 50, mtunzi Bedřich Smetana alipoteza uwezo wa kusikia masikio yote mawili. Miaka miwili baadaye akaandika muziki wa watu wanne ambao mpaka leo unapigwa kwenye kumbi nyingi duniani.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuusikia.

Smetana ni nani?

Alizaliwa Machi 2, 1824 katika mji wa Litomyšl, eneo la Bohemia. Wakati huo Bohemia ilikuwa chini ya himaya ya Austria, leo ni sehemu ya Jamhuri ya Czech. Tangu 1866 alikuwa kiongozi mkuu wa okestra kwenye jumba la maonyesho mjini Prague.

Ukiziwi ulimfanya aiache kazi hiyo. Mwaka 1876 akahamia kijiji cha Jabkenice, akaishi kwa binti yake Žofie, ambaye mumewe alikuwa ofisa misitu. Huko ndiko alikomaliza kwarteti yake ya kwanza, Desemba mwaka huohuo. Akaipa jina linalomaanisha "Kutoka maisha yangu".

Kwarteti ni nini hasa?

Ni kundi la wapigaji wanne: fidla mbili, viola moja na selo moja. Fidla ni ileile unayoisikia kwenye taarab ya Zanzibar. Viola ni kubwa kidogo kuliko fidla na sauti yake ni nzito zaidi. Selo ni kubwa kuliko zote, mpigaji huikalisha katikati ya magoti.

Huu unaitwa muziki wa chemba, yaani muziki wa chumbani. Hakuna anayesimama mbele na kijiti kuongoza. Wanne hao hutazamana, na mmoja akikosea hana pa kujificha.

Smetana aliuchagua makusudi. Kwenye barua ya mwaka 1878 alimweleza rafiki yake kwamba vyombo hivyo vinne ni kama marafiki waliokaa pamoja, wanazungumzia yanayomsumbua moyoni.

Maisha yake kwa sehemu nne

Barua hiyo ndiyo inayotueleza kila sehemu inahusu nini.

*Sehemu ya kwanza:* ujana na mapenzi yake kwa sanaa. Viola inaanza kwa sauti kali, na Smetana alisema hilo ni onyo la balaa linalokuja.

*Sehemu ya pili:* polka, ngoma ya watu wa kwao. Alipokuwa kijana alipenda sana kucheza dansi.

*Sehemu ya tatu:* selo inafungua peke yake, taratibu. Hapa anamkumbuka mke wake wa kwanza, Kateřina, aliyefariki mwaka 1859. Kabla ya hapo walikuwa wameshazika mabinti watatu kati ya wanne, mmoja kila mwaka, kuanzia 1854 hadi 1856. Aliyebaki ni Žofie, yuleyule aliyekuja kumpokea kijijini.

*Sehemu ya nne:* furaha ya mtu aliyepata njia yake, yaani kutunga muziki wenye ladha ya kwao. Mwendo ni wa haraka, karibu utikise mguu.

Ghafla, noti moja

Furaha hiyo inakatika. Kimya. Halafu vyombo vya chini vinaanza kutetemeka, na juu yao fidla ya kwanza inashika noti moja tu, E ya juu sana, ndefu na nyembamba kama mluzi.

Smetana alieleza kuwa huo ni mlio uliokuwa ukipiga masikioni mwake mwaka 1874, kabla hajawa kiziwi. Hakutafuta njia ya kuupamba. Aliuweka palepale ulipomkuta, katikati ya raha.

Baada ya hapo muziki haurudi kwenye shangwe. Unakumbuka vipande vya sehemu ya kwanza, kisha unaisha polepole, wapigaji wakidonoa nyuzi kwa vidole.

Walioukataa mwanzoni

Chama cha muziki wa chemba cha Prague kilikataa kuupiga. Walisema ni mgumu mno, na unafaa zaidi okestra kubwa kuliko watu wanne.

Mwaka 1878 ukapigwa nyumbani kwa rafiki yake. Aliyeshika viola siku hiyo ni Antonín Dvořák, ambaye baadaye naye alipata umaarufu mkubwa kama mtunzi. Hadhara ya Prague iliusikia Machi 29, 1879.

Smetana aliendelea kutunga bila kusikia, na mwaka 1883 akamaliza kwarteti ya pili. Alifariki Mei 12, 1884.

Ukitaka kuusikiliza

Kwarteti nzima huchukua karibu nusu saa, na rekodi zake zipo nyingi mtandaoni. Kama bando ni dogo, anza na sehemu ya nne peke yake. Vaa spika za masikioni, maana kwenye spika ya simu ule mluzi unaweza kukupita.

Ukiufikia, kumbuka kwamba aliyeuandika alikuwa ameshausikia kichwani mwake kabla ya mtu mwingine yeyote, na hakuwa na namna ya kuuzima.