Serikali Haina Doo: Habari Mpya Tangu 1998

Wasee, nyumba ya zamani ya magokoro kule Nyamira imebandikwa magazeti ukutani kuzuia baridi. Historia mimi nimeisomea kitandani.

Kichwa cha habari ninachokipenda ni cha 1998. Waziri wa Fedha Simeon Nyachae, mtu wetu wa Kisii, anaiambia nchi kwamba serikali imeishiwa pesa. Hebu fikiria, waziri kusema ukweli ikawa habari kubwa!

Kilichofuata? Oktoba walimu wakagoma, serikali ikisema haiwezi kulipa nyongeza waliyokubaliana 1997. Februari 1999 Moi akamtoa Nyachae Hazina, akampeleka Wizara ya Viwanda. Mzee akajiuzulu. Mwaka wa 2002 akagombea urais na Ford-People, Gusii tukamjazia kura, akamaliza wa tatu. Tukarudi kuchuma majani chai.

Juni 2024 tukaandamana Kisii Town kupinga Mswada wa Fedha. Kodi za nini? Serikali haina pesa. Magokoro akacheka: "Mjukuu wangu, hiyo si habari. Hiyo ni ukuta wangu."

Nilicheka pia, lakini swali likabaki. Mwingine akisema ukweli leo, tutasimama naye mapema, ama tutangoja kwanza afutwe?