Banda la Fundi Lisiloacha Ukuta

Magofu ya Mnarani yako juu ya jabali, upande wa kusini wa ghuba ya Kilifi, nayo humwonyesha mgeni misikiti, makaburi na kisima. Mji ule uliokaliwa tangu karne ya 14 hadi ya 17 husimuliwa hivyo hivyo, kana kwamba kazi ya watu wake ilikuwa kuswali, kuteka maji na kuzikana. Mahali pa kazi hapaonekani. Nashikilia kwamba pengo hilo limetokana na namna banda la fundi wa pwani lilivyojengwa, wala halithibitishi kuwa mafundi hawakuwako. Dalili yao iko mbele ya kila anayesimama kuitazama kibla ya msikiti mkubwa.

Kibla hiyo ilinakshiwa kwa maandishi ya Kiarabu juu ya matumbawe, yale laini yatolewayo baharini. Tumbawe likiwa bado na unyevu hukatika kwa tezo na patasi karibu kama ubao. Likishakauka huwa gumu. Kwa hiyo mchongaji hakuweza kukaa mbali na ufuo uliompa jiwe, na herufi zilizosukwa namna ile si kazi ya asubuhi moja. Tena palikuwa na chokaa ya kuchomwa juu ya marundo ya kuni, kisha kuloweshwa na kuachwa ilainike. Palikuwa na boriti za mikoko za kupimwa na kukatwa, ambazo ufupi wake ndio uliofanya vyumba vya mawe vya pwani nzima viwe vyembamba. Kazi zote hizo, katika jua la Kilifi na mvua za masika, zinataka kivuli.

Kivuli chenyewe twakijua, maana hadi leo hujengwa vivyo hivyo: nguzo za mikoko, fito zilizofungwa kwa kamba za makumbi, na makuti ya viungo yakipangwa kuanzia ukingo wa chini kupanda hadi kileleni, kila safu ikilalia ya chini yake. Kuta hazitakiwi. Fundi ataka upepo, ataka mwanga, na mbao ndefu lazima ichomoze pande zote mbili za banda anapoipiga randa. Makuti yakianza kuvuja huezuliwa na kuezekwa upya. Nguzo ikiliwa na mchwa hung'olewa, ikatiwa nyingine. Siku banda likihamwa, kinachobaki ni duara jeusi ardhini, basi.

Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kazi kwenye magofu ya Gede mwaka 1948 na kuchimba Mnarani katika miaka ya 1950, alifuata kuta na kupima umri kwa vyombo vilivyoletwa kutoka ng'ambo. Simlaumu, bila yeye tungekuwa na vichaka tu. Lakini anayefuata ukuta hufika kwa mwenye ukuta. Miaka ya 1980, kule Shanga katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta mashimo ya nguzo za misikiti ya miti, ya mwanzo ikirudi hadi karne ya 8. Ikiwa nyumba ya ibada imeweza kufichika hivyo, banda la kuchongea lina tumaini gani?

Wako watakaosema wachongaji walitoka Uarabuni au Uajemi. Na iwe hivyo: jiwe lilikuwa bichi hapa, na fundi mgeni pia alihitaji kivuli cha mwenyeji. Pingamizi zito zaidi ni kwamba huenda walifanya kazi chini ya mti, kama vile vyombo vya baharini vinavyoundwa hadi leo mahali wazi. Nakubali kwa jahazi, kwa kuwa ni kubwa mno. Lakini chokaa iliyo tayari haiachwi inyeshewe.

Wala tusidhani usahaulifu huu ni wa kale tu. Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilianza kutandika reli nyembamba kutoka Mombasa kwenda bara, ikaishia maili chache. Vyuma vyake vikageuzwa njia za toroli mjini, zilizosukumwa na watu, na matawi yake yakiingia mpaka kwenye nyua na bustani za wakubwa. Picha zipo: abiria wamekaa chini ya paa dogo, wasukumaji wamesimama nyuma. Aliyetengeneza magurudumu, na banda alilofanyia kazi, si rahisi kumkuta katika picha hizo, ingawa kamera ilikuwa pale pale.

Mnarani ina nafuu moja: mabaki ya matumbawe hayaozi. Aliyechonga kibla alimwaga vipande na unga mweupe mahali alipokaa, na wachimbaji wakitoka nje ya kuta za msikiti, wakaelekea kwenye njia ya kushukia pwani, waweza kuukuta unga huo umelala kati ya mashimo ya nguzo. Wakichimba pande zote wasiupate, itabidi hoja hii iachwe.